Aliyekanyaga Pedali

Gari la Matiko halikuwa na injini wala bodi bado, lakini Alhamisi ile asubuhi pua yake iliinama taratibu, springi zikalia, vile gari linavyofanya mtu mzima anapopanda na kukaa. Matiko akatazama. Kitini hapakuwa na mtu. Shokapu zinajiweka sawa, akajiambia. Fundi akitaka kujidanganya hakosi neno.

Shokapu hizo, springi na breki za mbele alizifungua kwenye pikapu iliyopinduka njia ya Bunda na kumuua dereva. Wazee wa pale walimwonya kwamba chuma kilichoua hakiingizwi nyumbani kwa mtu kabla hakijachinjiwa kondoo. Alicheka, akapakia.

Halafu mtaa wake mzima wa Buhare akautambia kwamba gari analiunda peke yake. Uongo mtupu. Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili, mmoja akanyage pedali, mwenzake afungue skrubu kule gurudumuni. Mkanyagaji wake alikuwa mkewe, Jeska, tena geti likishafungwa, watu wasione.

"Kanyaga. Shikilia," alisema Matiko asubuhi hiyo, amelala kando ya gurudumu. Mafuta ya breki yakatoka na povu. "Haya, achia."

"Nimeachia."

Matiko akainua kichwa. Mguu wa Jeska ulikuwa pembeni, hewani. Pedali ilikuwa bado imezama mpaka mwisho.

"Mama Robi, acha utani."

"Sitaniagi na kazi," Jeska alinong'ona. "Kuna mguu ulikuwa juu ya wangu. Wa baridi."

Hapo ikaja harufu ya breki zilizoungua, kwenye magurudumu ambayo hayajawahi kuzunguka hata mara moja, ikawajaa puani mpaka wakakohoa, na nyuma yake mlio wa matairi yakiburuzwa kwenye lami, pale uani penye mchanga mtupu, ukazidi kusogea, ukasogea, mpaka Jeska akaziba masikio na Matiko akajikuta anatambaa kwenda getini kama mtoto.

Mchana akaja Mwandu, mganga wa Bunda waliyempigia simu, na majirani nyuma yake. Kondoo akachinjwa, vyuma vikafunguliwa virudishwe vilikotoka. Kisha Mwandu akashika chungu cha dawa.

"Hii inaosha mguu ulioshikwa. Naichemshaga mara moja tu, hairudiwi. Nani alikanyaga?"

Matiko aliwaona majirani wamejaa getini, wanasubiri. Aibu ikamshinda.

"Mimi."

Jeska alimtazama, akainamisha macho. Hakumuumbua mumewe mbele za watu. Mguu wa Matiko ukaoshwa.

Jioni, aliporejea kutoka kurudisha vile vyuma njia ya Bunda, Matiko alimkuta mkewe jikoni, kwenye kigoda, mguu wa kulia umekandamiza sakafu.

"Baba Robi, hauinuki," alisema kwa sauti ndogo. "Nimejaribu tangu umeondoka."

Matiko aliuvuta kwa mikono miwili. Haukusogea hata kidogo. Akampigia Mwandu simu.

"Mzee, nilikudanganya. Alikanyaga mke wangu."



"Ni mguu tu?" aliuliza Mwandu.

Matiko akageuka. Mikono ya Jeska ilikuwa imeinuka kifuani, imeshika usukani ambao haupo, na macho yake, yakitazama mbali kupita ukuta, yalikuwa ya dereva anayejua kwamba amechelewa kufunga breki.