Ngano Iliyokatwa Mapema

Mama Mkate hukanda unga kila asubuhi, mikono myeupe hadi viwikoni. Mikate yake huumuka mpaka huinua kitambaa alichoifunikia. Mpishi wa shule huichukua yote.

Wiki ile haikuumuka. Ilitoka kwenye tanuri ikiwa bapa kama kandambili.

"Watoto wanarushiana," mpishi alilalamika. "Nakupa mpaka Ijumaa. La sivyo, natafuta mwingine."

Mama Mkate alibadilisha hamira. Wapi! Akamgeukia mumewe.

"Ngano tumelima wenyewe. Hamira ni mpya. Amebaki nani? Mdogo wako na mashine yake ya kusaga."

"Unasema ametubadilishia unga?"

"Sisemi, nauliza. Mbona gunia letu alilifunga mafundo mawili?"

Mume alikuna kichwa. Naye kwa kushuku hajambo. Mwezi uliopita aliona nyayo ngeni katikati ya shamba. "Wezi wanatupigia mahesabu," alisema. Siku hiyohiyo wakaikata ngano yote, masuke yakiwa bado na ukijani. Wakaianika juani.

Basi wakaenda kwa msagaji.

"Shemeji, unga wetu uko wapi?"

"Si nimewapa? Mimi nasaga ninacholetewa, shemeji. Kama hamniamini, mwiteni bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo, aupime."

Bibi shamba alikuja mchana. Aliomba mabakuli mawili ya maji. Akakanda donge moja la unga wa msagaji mwenyewe, uliotoka kwenye ngano nyingine, na jingine la unga wa Mama Mkate. Akayaosha polepole kwa vidole. Maji yakawa meupe. Donge la msagaji lilibaki, likavutika kama mpira. La Mama Mkate lilikatikakatika, likapotelea majini.

"Si nilisema!" Mama Mkate alimaka. "Ametubadilishia!"

"Taratibu, mama. Nionyeshe ngano iliyobaki nyumbani."

Akaimwaga kiganjani. Punje zilikuwa nyembamba, zimesinyaa, nyingine zina ukijani.

"Unga ni wenu. Ngano mliikata mbichi."

"Lakini tuliikausha!" mume alisema.

"Kukausha si kukomaza, baba. Ndani ya punje changa kuna vimeng'enya. Havionekani kwa macho, ila ni kama mafundi. Protini ikitengenezwa, wengine huikata, wengine huikunja na kuiunga, ikawekwa akiba. Protini hiyo ndiyo huvutika na kushika hewa, mkate ukaumuka. Nyinyi mmewafukuza mafundi nyumba haijaezekwa."

"Tungejuaje?"

"Bana punje kwa ukucha. Ikitoa maziwa, ngoja. Ikibonyea, ngoja. Ikiwa ngumu, na suke limekauka lote, kata."

"Na wezi je? Niliona nyayo katikati ya shamba!"

Bibi shamba alitazama viatu vyake. "Zile nyayo ni zangu. Nilikuja kubana punje. Nilipiga hodi, hamkuwepo."

Msagaji alicheka mpaka akakalia gunia. Mama Mkate hakujua aangalie wapi.

"Nisamehe, shemeji."

"Yaishe. Chukua unga wangu, uchanganye na wenu kidogo kidogo."

Ijumaa mikate iliinua kitambaa. Mpishi aliichukua yote.

Msimu uliofuata, Mama Mkate alibana punje kila asubuhi. Mume aliona nyayo tena, akaendelea na kazi yake. Siku ukucha uliposhindwa kuingia, na masuke yamekauka yote, ndipo wakakata.

Mkate wa kwanza alimpelekea msagaji. Msagaji aliugeuza juu, chini, akaunusa. Akaubonyeza kwa kidole, ukajirudi.

"Mh! Wa bure huu? Umetia nini humu, shemeji?"

"Ngano iliyokomaa. Utakula, au nimwite bibi shamba?"