Ndege wa Saa Saba Usiku

Mwalimu Melkiori alikutwa Jumapili asubuhi, amelala kifudifudi kwenye mfereji wa shamba lake la mpunga upande wa Kivukoni, wakati wenzake wako misa ya kwanza. Paji la uso lilikuwa limepasuka. Simu ilikuwa mfukoni, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Kamera, ambayo kwa miaka mitatu ya kustaafu haikuwahi kutoka shingoni mwake, haikuwepo.

Kufika Jumatatu, Ifakara nzima ilishamjua muuaji. Ndivyo mji wetu ulivyo: polisi huchelewa, midomo haichelewi. Muuaji aliitwa Edward Ng'wandu, mfugaji wa Kisukuma, na alikuwa mahabusu tayari.

"Afande, jalada limekamilika," Koplo Faustin alisema, akaweka simu ya marehemu mezani. "Kesho tunampeleka mahakamani."

Inspekta Digna alikuwa mwanamke wa Mahenge asiyependa vitu viwili: chai isiyo na sukari na jalada linalokamilika kwa siku moja. Aliichukua simu.

Ilikuwa imefunguliwa kwenye Taswira, ule mtandao ambao kila mwenye kamera bondeni huweka picha zake ili wenzake wamsifie. Picha za Jumamosi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilimwonyesha Edward amenyanyua fimbo, ng'ombe wake wakiwa ndani ya mpunga. Chini yake paliandikwa 07:15. Ya pili ilikuwa kiota cha ndege kwenye matete. 10:40.

"Saa moja na robo asubuhi wanagombana," Faustin alisema. "Saa nne na dakika arobaini marehemu anapiga picha ya mwisho. Baada ya hapo kimya. Daktari anasema alikufa Jumamosi, lakini mwili ulikaa majini, saa hawezi kuitaja. Na mtuhumiwa anatudanganya."

"Anadanganyaje?"

"Anasema waligombana mchana."

"Mlete."

Edward aliingia na pingu, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Ng'ombe wako waliingia shambani kwa mwalimu?"

"Waliingia. Sikatai."

"Mkagombana?"

"Tuligombana. Akanipiga picha, akasema ataipeleka kwa mtendaji. Nikawatoa ng'ombe, nikaondoka."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na robo. Nilitazama simu, kwa sababu mke wangu alishaanza uchungu."

"Picha inasema asubuhi, Edward."

"Basi picha ni mwongo, afande. Asubuhi nilikuwa porini na ng'ombe."

"Nani alikuona huko?"

"Ng'ombe."

Faustin alicheka. Digna hakucheka. "Na baada ya ugomvi?"

"Saa tisa nilikuwa zahanati. Mtoto alizaliwa saa kumi na moja kasoro, nikalala pale pale hadi Jumapili. Muulizeni nesi." Alitazama pingu zake. "Bado sijambeba. Nilitoka nje kutafuta uji, mkanikamata."

Nesi alikuwa ameshaulizwa, na alikubali kila neno. Lakini zahanati ya saa tisa haimsaidii mtu aliyeua saa tano. Digna alimrudisha mahabusu, na moyo wake haukutulia hata kidogo. Mwongo hujichagulia uongo wenye faida. Huyu alijichagulia saa ambayo hakuna aliyeihitaji.

Akaenda kwa Sylvanus, mpiga picha aliyekuwa rafiki wa marehemu, ambaye studio yake iko karibu na soko. Kwa miaka ishirini, kila aliyetaka picha ya kitambulisho au ya harusi alikaa kwenye kiti chake cha duara. Ukutani palikuwa na picha moja kubwa mpya: ndege wa njano juu ya tete, jua limempiga ubavuni, umande bado kwenye majani. Hata Digna, asiyejua lolote kuhusu picha, alisimama kuitazama.

"Ni yangu," Sylvanus alisema. "Nimeipiga Mngeta. Imeshinda Dar es Salaam, afande. Mwezi ujao wanaitundika kwenye maonyesho, na jina langu chini."

"Hongera. Mlikuwa marafiki na mwalimu?"

"Rafiki? Ndugu. Kila Jumapili baada ya misa kikundi chetu kinakutana hapa, watu saba wenye kamera." Alifuta jicho. "Jumamosi saa nne na dakika arobaini, wakati yule Msukuma anamuua, mimi nilikuwa kanisani napiga picha za harusi. Watu mia mbili walikuwepo."

Digna hakuwa amemuuliza alikuwa wapi.

"Nieleze huu mtandao wenu," alisema. "Nasikia kuna na mwingine, unaitwa Dira."

"Achana na Dira, afande. Haina adabu. Inachukua mahali na saa kwenye simu yako yenyewe, na hubadilishi kitu. Taswira inakuheshimu. Saa inaichukua kwenye kamera, na kwenye ramani unaweka pini kwa kidole, popote unapotaka."

"Popote?"

"Popote."

"Mwalimu alitumia ipi?"

"Taswira. Dira aliijaribu, akaacha zamani."

Msibani, mjane alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake. Alikuwa Malinyi kwa binti yake siku mume wake alipokufa, na hilo lilikuwa linamla kuliko kifo chenyewe.

"Shikamoo, Mama Paskazia. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa, nifanyeje."

"Samahani kwa swali la ajabu. Mwalimu aliacha lini kutumia Dira?"

"Aache?" Mjane aliinua kichwa. "Nani kakuambia? Alikuwa mwalimu wa jiografia, yule. Taswira ya kuonyesha watu, alisema, Dira ya kwake mwenyewe, kwa sababu ina ramani ya kweli. Kila picha ilikwenda kote kuwili, kutoka kwenye kamera hadi kwenye simu."

"Alikupigia siku ile?"

"Mchana. Alikuwa na hasira. Akasema, kesho Jumapili nitawaonyesha wenzangu jambo, na kuna mtu ataona aibu. Nilidhani ni mambo ya ng'ombe."

Digna alirudi kituoni, akafungua Dira kwenye simu ya marehemu, akaweka simu yake mwenyewe pembeni ikiwa na Taswira. Alichora mstari katikati ya karatasi. Picha ya ugomvi: Taswira 07:15, Dira 13:18. Picha ya kiota: Taswira 10:40, Dira 16:43.

Faustin alichungulia. "Mtandao, afande. Bondeni picha inaweza kuchelewa kufika."

"Mtandao wa bondeni unachelewa leo dakika tano, kesho siku mbili. Huu umechelewa saa sita kwa kila picha tangu mwaka juzi?"

Digna alirudi nyuma kwenye Taswira, albamu baada ya albamu. Bata maji kwenye mwanga wa asubuhi, 01:40. Wavuvi wakivuta nyavu, jua usoni, 02:05.

"Faustin, lini uliona jua saa nane usiku?"

Alimpigia mjane. "Mama, nani aliweka saa kwenye kamera ya mwalimu?"

Mama alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Yeye. Tulikuwa tumemaliza kula, saa nane mchana. Nikaona anaandika nane. Nikamwambia, baba, ya mashine ni mbili. Akasema, kwetu saa nane ni nane, na mashine imekuja kwetu, sisi hatujaenda kwao."

Digna aliweka simu chini. Saba na robo. Edward alisema saa saba na robo, na kamera ya mzee mbishi ilisema hivyo hivyo, ila polisi ndio waliosoma Kizungu. Picha ya mwisho ilipigwa saa kumi na dakika arobaini jioni, wakati Edward yuko zahanati akisubiri mtoto. Aliona aibu, na aliistahili.

"Na Sylvanus?" Faustin aliuliza polepole.

"Harusi iliisha saa saba mchana. Nitafutie ukurasa wake."

Picha za Sylvanus zote zilikuwa na saa zake sawasawa: harusi mchana, kipaimara asubuhi. Moja tu ilipotoka. Ndege wa njano, jua ubavuni, umande kwenye majani, pini ya ramani imekaa Mngeta.

Chini yake: 01:10.

Ndege wa saa saba na dakika kumi usiku, ameng'aa kama sarafu mpya. Na kwenye Dira ya marehemu alikuwepo ndege huyo huyo, tarehe tatu Mei, saa moja na robo asubuhi, hatua hamsini kutoka kwenye mfereji wa Kivukoni.

Walipoingia studio, Sylvanus alikuwa anamkatia mteja picha za pasipoti. Digna alimwomba mteja asubiri nje.

"Saa nne na dakika arobaini ulikuwa kanisani," alisema. "Naamini. Saa kumi na dakika arobaini jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nimefunga mlango, nasafisha picha."

"Ndege huyu ulimpiga saa ngapi?"

"Asubuhi. Si unaona jua?"

"Mbona Taswira inasema saa saba usiku?"

Sylvanus alitazama simu. Mkasi ulimtoka mkononi. Mtu aliyetazama picha ile kila siku kwa wiki tatu hakuwahi kutazama tarakimu nne chini yake.

"Kamera moja tu Ifakara inakosea saa sita," Digna alisema. "Iko wapi?"

Alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya pazia la buluu palikuwa na gunia la mchele. Faustin alizamisha mkono, akaitoa kamera, punje zikimwagika sakafuni.

"Nilifika nayo hadi darajani," Sylvanus alisema. "Nilishindwa kuitupa. Ni kamera nzuri."

"Ana haki ya kutosema lolote. Mwonye, koplo, kisha andika."

Sylvanus aliyasema yote. Mwalimu alimletea picha azisafishe; yeye akainakili ya ndege, akaipeleka mashindanoni. Mwalimu alipogundua, Sylvanus alimfuata shambani Jumamosi kuomba msamaha.

"Alijibuje?"

"Alisema kesho ataifungua Dira mbele ya wote. Nilipiga magoti, afande. Akanigeukia mgongo, akaendelea kupiga kiota chake. Nikamsukuma. Kichwa kikagonga zege la lango la maji."

"Alikuwa hai?"

Sylvanus alitazama punje za mchele sakafuni.

"Alikuwa hai, Sylvanus?"

"Alikuwa anapumua. Uso ulikuwa majini." Alifunika wa kwake kwa viganja. "Miaka ishirini napiga nyuso za watu. Zipo ukutani kwao, kwenye vitambulisho, kwenye majeneza yao. Nani amewahi kuuliza nani kapiga? Mara moja tu nilitaka jina langu liwe chini ya picha."

"Na Edward?"

"Niliona wamemkamata. Nikasema, huyu hana mtu wa kumlilia huku."

Digna alimwashiria Faustin amfunge pingu.

Mchana ule alimfungulia Edward mwenyewe, akampa kitabu asaini.

"Ulisema kweli tangu mwanzo," alisema. "Sisi ndio hatukujua kusoma saa. Samahani sana, baba."

Edward alisaini polepole. Hakutabasamu.

"Wabeja, asante, afande. Naomba fimbo yangu. Nikambebe mtoto kwanza, halafu nikatafute ng'ombe."