Sindano ya Tupokigwe

Umeme ulikatika Sinza nzima jua likiwaka. Tupokigwe, gauni lake la kitenge limelowa jasho mgongoni, akajipenyeza kati ya wateja mpaka kaunta ya Gozbert, muuza juisi mwenye jenereta.

"Kaka, samahani, nihifadhie hii kwenye friji. Ikipata joto inaharibika."

"Dawa ya nani?"

"Ya mama. Ana sukari."

Uongo ulimponyoka. Angesemaje ukweli? Mji huu ulimwita bonge tangu darasa la tatu, ukamuuzia chai za kuharisha na mikanda ya kubana tumbo. Daktari alipomwambia unene ni ugonjwa, akamwandikia sindano ya kila wiki, walewale wakasema anakwepa mazoezi. Mwenye presha akimeza kidonge, nani humcheka?

Jioni Gozbert akapiga namba aliyoachiwa. "Bibie, dawa ya mama iko salama. Wewe je, umekula?"

Mapenzi yakaanzia hapo.

Jumapili moja akampeleka kwa dada yake, Margareta. Ndizi kwa nyama zikapakuliwa mlima. Tupokigwe akala vijiko viwili, akakimbilia uani, akatapika.

Margareta akapiga vigelegele. "Gozi! Umetuletea mtoto!"

Gozbert akaduwaa. Alikuwa hajamgusa.

Alimpigia simu usiku huohuo. "Mimba ya nani, Tupo?"

"Sina mimba. Ni dawa. Ile ya mama ni yangu, ya kupunguza unene. Kichefuchefu huja nayo."

"Kumbe naitunza mwenyewe dawa ya kukumaliza? Mie nilikupenda ulivyo!"

"Na presha yangu uliipenda? Na magoti yanayouma?"

Akakata simu, akalia asijue analilia nini. Alipendwa yeye, au nyama zake? Hata ile njaa iliyomtesa miaka yote ilikuwa imenyamaza, na ajabu, aliikumbuka kama jirani aliyehama bila kuaga.

Asubuhi Gozbert alisimama mlangoni kwake, shati halijapigwa pasi.

"Nimechanganyikiwa, Tupo."

"Hata mie."

"Ukipungua, wenye magari wakikuona... utaniacha?"

Tupokigwe akamkodolea macho. Kumbe hofu yenyewe ni hiyo!

"Daktari kasema nikiacha dawa, unene unaweza kurudi. Ukirudi, wewe utaniacha?"

Gozbert akakuna kichwa, akafikiri kweli.

"Basi ukirudi, utukute tumeshaoana."

"Hiyo ndiyo posa, wewe mwanaume? Mlangoni?"

"Ndiyo niliyonayo."

Alitaka kucheka, alitaka kumfukuza. Akasogea pembeni.

"Pita. Ila vua viatu, nimedeki."