Majani Yalikuwa Macho

Nokia kuukuu ilitetemeka mara moja mfukoni mwa koti.

"Mwagilia kati."

Maneno mawili tu. Sindano aliufuta ujumbe, akaiacha kahawa yake nusu na kutoka mkahawani. Saa yake ya Casio ilionyesha saa saba kasoro dakika sita, mchana wa jua kali.

Ujumbe ulitoka kwa karani mmoja wa forodha, ukaenda kwa watu wawili: Sindano na mkuu wake. Maana yake ilikuwa kwamba mzigo umewekwa sasa hivi. Mzigo wenyewe ulikuwa kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, yenye hati za makontena manne ya bunduki yaliyoandikwa kuwa ni vigae. Kila hati ilikuwa na muhuri wa karani na namba yake ya kazi. Wafanya magendo wakiiona kadi ile, jioni haimkuti akiwa hai.

"Dada, mimi sina silaha," karani alimwambia Sindano wiki iliyopita, akijitahidi kucheka. "Nina muhuri tu."

Sindano alimwahidi kwamba jina lake halitaonekana na mtu. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo.

Alivuka barabara huku taa ikiwa bado nyekundu, akatukanwa na dereva wa teksi, akapenya kichochoro kati ya duka la fotokopi na chumba cha jenereta. Hatua ishirini za moshi wa dizeli. Kisha nyasi.

Bustani ya Kati.

Wafanyakazi wa benki na bima walipita nje yake kila siku wakikimbilia lifti. Ungewaambia kuna miti mitatu na benchi nyuma ya ukuta ule, wangekuuliza umekunywa nini. Idara yao ya ujasusi ilitumia bustani mbili za namna hiyo katikati ya maghorofa: hii, na ile ya Juu, kwenye paa la jengo la kuegeshea magari, mtaa wa pili. Aliyezigundua ni Mjomba.

Mjomba alikuwa mjomba kweli, tumbo moja na mama yake. Mama alipofariki alimchukua, akamsomesha, akamwingiza kazini, akampa jina la Sindano kwa wembamba wake na uchokozi wake. Redioni aliitwa Mzizi. Ndiye huyo mkuu wake.

Kulizunguka benchi, upana wa hatua tano, kulitanda kifauongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa. Mjomba aliupanda kwa mikono yake. Mtu akipita humo, majani yanalala, na huchukua dakika kumi au zaidi kuamka. Katikati yake kulikuwa na mawe matatu yaliyofunikwa. Ukiyajua, unavuka bila kugusa jani. Karani hakuyahitaji, maana yeye aliidondosha kadi kwenye bomba upande wa kichochoro, ikateremka hadi kwenye kopo chini ya benchi.

Sindano aliyatazama majani. Yote yalikuwa macho. Hakuna aliyepita.

Jiwe la kwanza. La pili. La tatu. Akapiga goti, akaingiza mkono chini ya benchi.

Kopo lilikuwa tupu.

Alilipapasa tena, kijinga, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko alioukagua tayari. Karani ametuma ujumbe dakika sita zilizopita. Kadi imechukuliwa ndani ya dakika hizo sita. Na majani yako macho.

Mawe yale yalijulikana na watu wawili. Mmoja alikuwa amepiga goti pale.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Mjomba, hapana."

Karibu na kidole chake, bila yeye kuligusa, jani moja likajikunja. Kisha la pili. Kisha kundi zima.

Kuna mtu nyuma yake.

Sindano alijirusha kando. Risasi ilichana ubao wa benchi. Mtunza bustani, buti hadi magotini, mpira wa maji umeachwa ukimwaga chini ya mti. Alikuwa akimwagilia saa saba mchana, mjinga yule, na Sindano hakumtilia maanani kwa sababu macho yake yote yalikuwa kwenye majani. Bastola yake ilikuwa na kiwambo cha kuzuia sauti. Beretta ya Sindano haikuwa nacho, lakini jenereta lilikuwa likinguruma.

Alifyatua mara mbili. Mtunza bustani akaanguka chali juu ya kifauongo.

Kifaa cha redio kikakoroma sikioni.

"Mzizi kwa Sindano. Jibu."

Sindano alinyamaza.

Kanuni ni kuita mara tatu kabla ya kutangaza kwamba mtu amepotea. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeiandika, na aliwahi kumsimamisha kazi kijana wa watu kwa kuita mara mbili. Sindano alisubiri. Akahesabu hadi sitini. Wito wa pili haukuja.

"Kituo, hapa Mzizi," ilisema sauti ile iliyomfundisha kusoma. "Sindano amepotea. Nafunga kazi."

Mara moja tu. Hata mara ya pili hakumwona anastahili. Iliuma kuliko ubavu uliogonga kona ya benchi, na machozi yalimtoka, akayapangusa kwa mgongo wa mkono.

Simu ya marehemu ikawaka. Samsung mpya. "Vipi?"

Sindano aliifungua kwa kidole gumba cha maiti, akaandika: "Kwisha."

"Sawa. Ondoka. Usipande juu, mteja kashafika."

Juu.

Alitimua mbio. Mtaa mmoja, mlango wa chuma, ngazi za ghorofa sita. Alisukuma mlango wa paa taratibu.

Mianzi kwenye mapipa, zulia la nyasi, benchi. Mjomba ameketi kwa kumpa mgongo, koti lake la kijivu lile lile. Kando yake mgeni mwenye suti nyeupe, kompyuta wazi mapajani. Mjomba alikuwa akimnyooshea kadi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," aliitika, kwa mazoea ya miaka thelathini.

Kisha mkono wake ukaganda hewani.

Mgeni alipeleka mkono ndani ya koti. Sindano alimpiga risasi ya bega, na kompyuta ikaporomoka sakafuni. Alimfunga pingu kwenye benchi, akampokonya bastola, akaichukua kadi kutoka kwenye vidole vya mjomba wake. Havikuikatalia.

"Walinigundua," alisema Mjomba, akitazama nyasi. "Walitaka jina moja la kuzika. La yule karani au langu."

"Ukachagua kuwapa la karani."

"Nikachagua."

"Na mimi? Jina langu nani aliliomba?"

Chini mtaani magari yalipigiana honi.

"Hakuna aliyeliomba," alisema Mjomba hatimaye. "Lakini wewe ungeyaona majani, mwanangu."

Sindano alimfunga naye pingu kwenye mguu wa benchi. Akashuka ngazi. Ghorofa ya nne alimpigia karani.

"Dada? Mzigo umefika?"

"Umefika. Mke wako hajambo?"

"Hajambo. Kwani vipi?"

"Basi tu. Rudi kagonge mihuri."

Alipofika chini alisimama kando ya lango, watu wa ofisi wakimpita na vyakula vyao vya mchana, akabonyeza kitufe cha redio. Alijua kwamba kule juu kifaa bado kimo sikioni mwa mzee.

"Sindano kwa Mzizi. Jibu."

Akahesabu kumi.

"Sindano kwa Mzizi. Jibu."

Akahesabu kumi.

"Mzizi, jibu."

Alisikia pumzi tu.

"Kituo, hapa Sindano. Nipo. Mzigo ninao. Tumeni watu Juu, wawachukue wawili. Mzizi amepotea."

Alikichomoa kifaa sikioni, akafunga vifungo vya koti, akaingia katikati ya watu.