Kadi ya Mandazi

"Wewe! Usimweke chini huyo mtoto!"

Protus alishtuka hadi akalikumbatia katoni lake. Stendi ya Kakamega ilifurika Jumatano hiyo, makanga wakiita abiria, wauza ndizi wakipenya katikati ya magari, naye alikuwa ameinama tu kumtoa humo mbwa wake mdogo akojoe. Akageuka. Mbele yake alisimama msichana mwenye overoli ya kijani, gambuti na hereni ndogo za shanga. Protus ni fundi wa nguo, kwa hiyo jicho lake lilianza na mfuko wa overoli uliochanika, likapanda usoni, likakwama huko.

"Kwani nimekosa nini, madam?"

"Ana umri gani?"

"Wiki nane. Na alidungwa sindano. Imeisha."

"Imeisha!" Msichana alishika kiuno. "Sindano moja? Unajua ni mbwa wangapi wamepita hapa na magonjwa yao? Mpaka amalize zote, unambeba. Anaitwa nani?"

"Mandazi."

Msichana akacheka mpaka watu wakageuka. Aliitwa Khalayi, daktari wa mifugo, na kliniki yake ilikuwa nyuma tu ya soko. Huko alimwandikia Mandazi kadi: chanjo za wiki ya nane, ya kumi na mbili na ya kumi na sita, dawa ya minyoo, chanjo ya kichaa cha mbwa, na nyingine ya kurudia akifikisha mwaka. Palipoandikwa "Mwenye mbwa", akajaza jina la Protus na namba yake ya simu.

Simu zikaanza jioni hiyohiyo.

"Mandazi amekula?"

"Amekula, dokta wangu. Mwenye mbwa ndiye hajala, anakuwaza."

"Mwenye mbwa aache maneno mengi. Na usimpe obusuma, ugali mtupu; changanya na visamaki vya omena."

Kufikia chanjo ya tatu, Protus alikuwa ameshona ule mfuko. Uzi wa kijani ulikuwa umemwishia, akatumia mwekundu. Khalayi alimtania wiki nzima, lakini alikataa katakata ufumuliwe.

Halafu ikaja Jumapili ile. Protus alikuwa amempeleka Mandazi kwa mama yake, Navakholo. Alasiri akarudi mbio kwa bodaboda, mbwa akitetemeka kifuani mwake, udenda ukimtoka, miguu imelegea. Khalayi alitoka kanisani moja kwa moja na gauni lake la kitenge cha njano, akafungua kliniki.

"Umempaka dawa gani?"

Asubuhi Protus alikuwa amemkuta mama yake akimwosha Mandazi kwa dawa, akifurahi kwamba amemsaidia mwanawe kumaliza kupe. Angesemaje? Khalayi hajawahi hata kumwona mama huyo, na jambo la kwanza atakalolijua juu yake liwe hilo?

"Hakuna."

Aliulizwa mara tatu. Mara tatu akajibu hakuna. Khalayi akahangaika karibu saa nzima na ugonjwa ambao haukuwepo, hadi alipomwinamia mbwa na kunusa manyoya yake.

"Hii ni harufu ya josho," alisema polepole. "Amepakwa dawa ya ng'ombe."

Alimwosha kwa sabuni, akamdunga sindano ya kuvunja sumu, akamtundikia maji. Mikono yake ilitulia, sauti haikutulia.

"Toka nje, Protus. Nusura nimzike kwa sababu ya mdomo wako."

Mandazi alipona. Ujumbe ulikuja Jumanne: mchukue nikiwa sipo. Protus akapiga simu siku kumi; haikushikwa hata moja. Mwisho akaenda Navakholo akamweleza mama yote.

Alhamisi, mama alifika kliniki amevaa leso yake ya kanisani, kuku kwapani.

"Wewe ndiye daktali?"

"Ndimi, mama. Karibu."

"Ni mimi nilimuosha. Ng'ombe zangu naziosheanga hiyo dawa na hazipati shida. Nilijua nasaidia. Huyu kijana alidanganya juu ya kunificha mimi, lakini alikosa." Akamnyooshea yule kuku. "Asante kwa kumwokoa. Hii ingokho ni yako. Na kijana naye, kama humtaki, sema nimrudishe nyumbani."

Khalayi alicheka huku machozi yakimtoka. Akamketisha mama, akamweleza kwamba dawa ya mbwa mdogo hupimwa kwa uzito wake, na ile ya ng'ombe ni sumu kwake. Kisha akachukua simu.

"Njoo. Na usiniambie tena hakuna wakati kuna."

"Asante, dokta," Protus alijibu.

Siku ya chanjo ya mwaka, Mandazi alivuka stendi kwa miguu yake mwenyewe, mnene, manyoya yaking'aa. Protus alimtazama akashukuru kwa kila mstari uliojazwa kwenye kadi ile. Khalayi alidunga sindano, akaandika tarehe, akarudisha kalamu mfukoni, akainua macho.

"Mbona bado umesimama hapo? Kuna neno?"

Protus alikaribia kusema hakuna.

"Kuna," alisema. "Hapo kwa mwenye mbwa, nafasi ya jina la pili ipo. Nataka liwe lako. Na nyumba pia, na mimi mwenyewe, kama utanikubali."

Khalayi alitoa kalamu kwenye mfuko wenye uzi mwekundu, akaandika jina lake taratibu.

"Na tarehe ya kuja kwetu kuonana na wazazi," akauliza, "niiandike wapi?"

"Hapo kwa chanjo ijayo."

"Hiyo ni mwaka mzima, Protus! Naandika Jumamosi."