Vifungo Viwili Juu ya Tepu

Zilikuwa siku zile ambazo mtu akitaka kopi ya karatasi alipanga foleni. Duka lilikuwa na mashine moja tu, tena yenye kukohoa, na adhuhuri hiyo watu walijaa mpaka mlangoni: wanafunzi na vyeti vyao, makarani na mafaili yao, na katikati yao binti mshonaji aliyevaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, mabega yamekaa sawasawa, kiuno kimebana kuliko alivyokusudia. Alishika michoro ya kukatia magauni sita ya wasimamizi wa harusi. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe na doa la wino mfukoni, amekumbatia karatasi zake kama mtu aliyebeba mayai.

Mmoja akasukuma, mwingine akasukumwa, karatasi zikamwagika sakafuni.

"Samahani dada, samahani sana."

"Usijali kaka. Ila ondoa kiatu chako, umekanyaga mkono wa msimamizi wa harusi."

Kijana akaruka. Wakaokota, wakacheka kidogo, kila mtu akashika njia yake. Lakini binti alipofika kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi yake, na Shangazi akavaa miwani kukagua michoro, karatasi ya tatu ilisomeka hivi: Mnara unaungua. Joka liko hatua kumi nyuma yako na lina njaa. Kimbia.

Shangazi akakaa chini taratibu. "Mwanangu, nani anakutishia?"

"Hakuna, Shangazi."

"Umemchukua mume wa mtu?"

"Shangazi! Imeandikwa joka."

"Ndiyo. Wake za watu huandika hivyohivyo."

Pembeni mwa karatasi palikuwa na namba ya simu. Binti akapiga, Shangazi akiwa amebandika sikio upande wa pili.

"Haloo. Wewe ndiye mwenye joka?"

"Ndimi. Na wewe ndiye mwenye mkono?"

"Uko salama?"

"Uko salama kabisa. Nimeukodolea macho tangu saa saba, nikadhani ni ramani ya ghuba. Unajua, mimi huchora ramani, ofisi ya ardhi. Kila kitu nakiona ramani."

"Na joka nalo ni la ofisi ya ardhi?"

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri hata kwenye simu mbovu. "Joka ni la Jumamosi. Njoo saa nane, juu ya duka la baiskeli, nikurudishie mkono wako."

Alikwenda. Juu ya duka la baiskeli palikuwa na chumba chenye meza ndefu, dirisha moja na harufu ya grisi iliyopanda kutoka chini. Daktari wa meno na mwalimu wa hesabu, watu wazima wenye heshima zao, walikuwa wakibishana kama upanga unaweza kukata jiwe. Huo ndio mchezo wenyewe: kila mmoja alikuwa mtu fulani katika nchi isiyokuwepo, na yule mchora ramani, waliyemwita Ramani, ndiye aliyesimulia yanayowapata. Mtu akitaka kujaribu jambo gumu alitupa dadu ya nyuso ishirini. Namba kubwa, umefaulu. Namba ndogo, pole yako.

Saa ya kwanza binti alicheka mpaka machozi. Saa ya pili alisahau kucheka, kwa kuwa alikuwa mwizi aliyeiba ufunguo wa gereza ili amtoe kaka yake, na askari wa malkia walikuwa nyuma yake. Hapo ndipo mambo yalipodorora. Wakatupa dadu, wakajumlisha. Wakatupa tena, wakajumlisha tena. Daktari akapiga mwayo.

"Vipi, umeonaje mbio zangu?" Ramani aliuliza walipokuwa wakishuka ngazi.

"Nikuambie ukweli, kaka yangu?"

"Niambie."

"Nimekimbizwa na hesabu."

Akasimama kwenye ngazi, amejishika kifua kama aliyechomwa. "Una maneno makali wewe. Nitakuita Sindano."

"Niite utakavyo. Lakini mtu anayekimbia haoni namba, anaona kona. Kushoto kuna soko, kulia kuna ukuta. Lazima achague, na achague upesi. Na mimi sikujua askari wako mbali kiasi gani. Nilitaka kuwaona."

Jumatatu jioni Sindano alimkuta Ramani mlangoni kwa Shangazi na daftari. Basi wakaanza kuzibuni mbio upya, juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya vipande vya satini. Sindano alitandaza tepu yake ya kupimia, sentimita mia na hamsini, akaweka vifungo viwili: chekundu cha anayekimbia, cheusi cha anayemfukuza. Sasa hatari ilionekana kwa macho. Ramani alichora mitaa: mapaa ya vigae, soko la ndege waliofungiwa, ngazi zilizolowa. Kila kona walitia njia mbili, moja fupi yenye balaa, moja ndefu yenye usalama.

"Sheria ya kwanza," Sindano alisema, pini zikiwa mdomoni. "Anayekimbia ndiye anayechagua njia. Si dadu, si msimulizi."

"Hata akichagua vibaya?"

"Hata akichagua vibaya. Miguu ni yake."

Ramani akaiandika, akaipigia mstari. Kisha akamtoa uzi uliomganda kwenye nywele, na mkono ukachelewa kurudi.

"Umeisha huo uzi?" aliuliza Shangazi kutoka kwenye cherehani yake, bila kugeuka.

Walipendana hivyo, kwa miezi ya Jumamosi na simu zisizo na mwisho. "Umelala, mpenzi?" "Nimelala." "Basi mwizi wako ameamkia kwenye paa la kinu." "Mwache naye alale!" Na jioni moja, mvua ikinyesha, Sindano alimweleza Ramani jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Mwaka wake wa kwanza wa kushona, Shangazi alikuwa akisubiri aondoke, anafumua mishono yake, anaishona upya, na asubuhi anamsifu. Mwaka mzima alijiona fundi. Siku alipogundua alilia mpaka akaugua. Ramani alimsikiliza, akamkumbatia, akasema maneno mazuri.

Basi ndiyo maana lililofuata liliuma vile.

Ilikuwa Jumamosi. Mwizi wake alikuwa juu ya daraja, kifungo cheusi kimebakiza sentimita tatu tu. Ramani alitupa dadu ya askari nyuma ya ukuta wake mdogo wa kadibodi, pale msimulizi anapoficha siri zake. Wakati huohuo kifungo chekundu kikadondoka, kikabingirika upande wa Ramani, na Sindano akainama kukiokota. Alipoinuka aliiona dadu. Kumi na tisa.

"Mbili!" Ramani alitangaza. "Askari kajikwaa!"

Wenzake wakashangilia. Sindano akabaki amesimama.

"Mara ngapi?"

"Nini, mpenzi?"

"Usinipende kwanza. Nijibu. Umenidanganya mara ngapi?"

Ramani alikuwa mtu asiyejua kudanganya akiulizwa. "Kila mara," alisema. "Ulikuwa unafurahi sana ukiponyoka. Nilipenda kukuona unafurahi."

"Shangazi naye alisema hivyohivyo."

Akakunja tepu yake, akashuka ngazi. Ramani alipiga simu, Sindano hakupokea. Alikuja mlangoni, Shangazi akasema hayupo, na cherehani ikilia wazi chumba cha nyuma. Mwisho ofisi ya ardhi ikamhamishia mji mwingine, na simu zikanyamaza.

Miaka minne ikapita. Chumba cha ushonaji kikawa chake; Shangazi akabaki na kiti na maoni. Sindano alishona vizuri sasa, na alijua hivyo. Lakini kila alipotandaza tepu juu ya meza alimkumbuka mtu, na Jumamosi mchana ulimkuta hana raha bila sababu anayoweza kumwambia mteja.

Kisha simu ikalia.

"Haloo. Wewe ndiye mwenye mkono?"

Akaweka mkasi mezani. "Ndimi."

"Wanavunja ile nyumba ya duka la baiskeli. Jumamosi tunacheza mara ya mwisho. Nina mbio moja imenishinda, sina tepu."

"Madukani tepu zimejaa."

"Si hiyo. Nimepewa kazi mpakani, Sindano. Miaka mitano. Basi linaondoka Jumamosi hiyohiyo saa kumi na moja, na wanataka nisaini Jumapili, la sivyo wanampa mwingine. Sikuombi kitu. Nilitaka tu ujue."

Shangazi, ambaye sikio lake halikuzeeka, alisema, "Vaa la bluu."

Gauni la bluu lilikuwa limefumuliwa kiunoni na kushonwa upya, na sasa lilikaa kama lilivyotakiwa. Juu ya duka la baiskeli meza ilikuwa ileile. Daktari alikuwa na mvi, Mwalimu amenenepa. Ramani alisimama kumpokea, doa la wino mfukoni kama zamani, mkoba wa safari mlangoni. Ukuta wa kadibodi haukuwepo. Badala yake aliweka sinia tupu katikati ya meza.

"Dadu zote zinaanguka hapa," alisema. "Mbele ya kila mtu. Na leo wewe ni askari wa malkia. Mimi ndiye mwizi."

Walikimbia. Soko la ndege, mapaa ya vigae, ngazi zilizolowa. Dadu zilimkataa Sindano vibaya: nne, saba, mbili. Kifungo cheusi kikaachwa nyuma sentimita arobaini. Alimtazama Ramani akienda zake kwa haki kabisa, na moyo ukamuuma, kwa maana alijua sasa hakuja kuaga. Alikuja kumshika.

Kona ya mwisho. "Kushoto," Mwalimu alisoma kwenye kadi, "daraja na lango la mji. Ukipita umeokoka. Kulia, uchochoro wa washonaji. Hauna mlango wa pili."

Ramani hakufikiri. "Kulia."

"We!" Daktari alipiga kelele. "Umeshinda tayari!"

Sindano alikuwa amesimama. "Umenionea huruma tena."

"Tazama sinia. Sijagusa dadu yako hata moja. Niliandika kwa mkono wangu, ukiniamrisha na pini mdomoni. Anayekimbia ndiye anayechagua njia. Mimi nimechagua, mpenzi. Nimekaa uchochoroni. Kunikamata au kutonikamata ni juu yako."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja kasoro dakika kumi.

Kumkamata mtu kulihitaji kumi na tano kwenda juu. Hiyo nayo ilikuwa sheria yao. Sindano akakaa. Akatupa. Tatu.

"Amekosa," Mwalimu alisema kwa huruma.

"Mwizi anakimbia?" Sindano aliuliza.

"Mwizi hakimbii. Tupa tena."

Tisa. Daktari akakohoa. "Ramani, ndugu yangu, basi lako."

"Nimesikia. Tupa, Sindano."

Kumi na nne. Mwalimu akashika kichwa. Kule kituoni honi ililia mara mbili, ndefu, ikafifia. Mkoba ulibaki mlangoni, na mwenyewe hakugeuka hata kuutazama.

Sindano akafuta kiganja kwenye gauni, akatupa mara ya nne. Dadu ikazunguka kwenye sinia, ikagonga ukingo, ikatulia. Hakuna aliyetangaza chochote. Wote walimwachia aisome mwenyewe.

"Kumi na saba," alisema. "Mmeiona?"

"Tumeiona," walijibu wote.

Akakisukuma kifungo cheusi mpaka kikagusana na chekundu, akanyoosha mkono juu ya meza na kumshika Ramani kwelikweli.