Chiriku na Nyumba Iliyokosa Mnunuzi

Kila siku baada ya shule, Chiriku alifagia vyumba vyote vitatu, akafungua madirisha, kisha akakaa barazani kungoja wanunuzi. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, maana mdomo wake haukuwa na breki. Baba alikuwa fundi mwashi, na nyumba hiyo aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alifariki mwaka uliopita, na sasa mama alikuwa akiiuza.

Kiwanda kilichowalisha watu wa mtaa huo kilikuwa kimefungwa. Mama alipoteza kazi, akapata nyingine katika mji wa mbali, na alitakiwa kuianza kabla ya mwezi kwisha. Lakini kila nyumba ya tatu mtaani ilikuwa na kibao cha kuuzwa, na bei zilikuwa zikiporomoka.

Mama alishinda sokoni akiuza nguo, hivyo Chiriku ndiye aliyewaonyesha wanunuzi nyumba. Wa kwanza, mzee mwenye duka, aliipenda papo hapo.

Chiriku akamwonyesha sakafu. "Ni nzuri, babu, ila mvua ikinyesha maji huingia mpaka chumbani."

Mzee akaaga, asirudi tena. Muuguzi aliyemfuata naye akaambiwa hivyo hivyo, akaondoka. Jamani, Chiriku hakuwa mtoto mbaya. Alitaka tu kubaki mahali alipoishi na baba yake.

Jumamosi moja dalali alikuja. "Mama Chiriku, jirani yako ameshusha bei tena. Ukikaza shingo, utabaki na matofali yako."

"Si nimeshashusha mara moja?" mama akauliza. "Nyumba yangu ina kasoro gani?"

"Sielewi hata mimi. Watu wanakuja, wanaangalia, halafu kimya!"

Mama akaitazama nyumba yake. "Basi punguza tena. Nilitaka tununue kiwanja huko tuendako, lakini tutapanga chumba." Machozi yakamtoka. "Mume wangu alihangaika miaka sita, na leo naitoa kama ya bure."

Nyuma ya pazia, Chiriku alisikia yote. Akapiga moyo konde, akatoka. "Mama, ni mimi. Niliwaambia maji huingia ndani."

"Makubwa haya!" dalali akashika kichwa. "Mzee wa duka alikuwa tayari kulipa bei ya mwanzo! Sasa ameshanunua kwingine."

Mama hakugomba. Afadhali angegomba. "Baba yako aliuinua msingi huu mpaka watu wakamcheka," akasema polepole. "Halijaingia hata tone. Nawe umewaambia watu kwamba hakujua kazi yake?"

Chiriku hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Akalia.

Mchana huohuo dalali aliwapeleka kwa muuguzi, na Chiriku mwenyewe ndiye aliyesema. "Nilikudanganya, shangazi. Nyumba haiingii maji. Nilikuwa sitaki tuhame." Kesho yake muuguzi alirudi, akakagua kuta na msingi, akakubali kununua kwa bei ile iliyoshushwa. Ya mwanzo haikuwepo tena, na kiwanja nacho kikawa kimewaponyoka.

Siku ya kuhama, lori lilipokwisha kupakiwa, mama alimwita mlangoni.

"Mwanangu, unadhani mimi napenda kuondoka? Kuumia si kosa. Kosa ni kuyaficha maumivu ndani ya uongo. Uongo huo umetunyima kiwanja na umeharibu sifa ya baba yako. Ungeniambia ukweli tangu mwanzo, nisingeweza kuzuia safari, lakini usingeumia peke yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya, twende."

Chiriku hakusogea. "Mama," akasema, "naumia sana."

Mama akaweka chini begi alilobeba. Wakakaa kizingitini, wakakumbatiana wakilia, na dereva akazima injini akawasubiri.